Mkianguka, Nani Huwaokota?

Jumamosi ile stima ilipotea kabla hatujarusha ndege hata moja, na hapo nikajua mpango wangu umeanza kuharibika.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha. Kitinda mimba wa dada yangu alikuwa amekodi chumba cha ghorofani hapa Kamenu, mjini Thika, juu ya duka la mabati na misumari, na humo alifundisha watu kompyuta. Wanafunzi wakishaondoka Jumamosi adhuhuri, alifunga dirisha la upande wa barabara kupunguza vumbi, akawasha mashine mbili zilizokuwa na mchezo wa kurusha ndege, na chumba kikageuka uwanja. Mtu alikaa mbele ya kioo akaona yale anayoyaona rubani: saa na mishale yake, dirisha, ardhi ikizama chini. Thika haikuwemo katika mchezo ule. Ruiru nayo haikuwemo. Kutoka Nairobi hadi Mlima Kenya palikuwa kijani kitupu kama zulia, na mlima wenyewe ulikuwa na kona tatu kama sambusa.

Tulikuwa na rali yetu. Kila timu ilikuwa na rubani na msoma ramani. Tuliondoka Nairobi, tukapinda mahali palipopangwa, tukatua Nanyuki. Hatukushindania kasi. Kabla ya kuruka kila timu ilitangaza itafika kila kona saa ngapi, na aliyewahi alikatwa alama sawasawa na aliyechelewa. Mpwa wangu huyo alikuwa rubani, mimi nikamsomea ramani na dira. Nilikuwa nimefundisha watoto Kurani kwa miaka mingi, na kazi ya kushika saa ilinifaa. Mtu aliyezoea kungoja wakati wa swala uingie, asiswali mapema kwa sababu tu ana haraka, anauelewa mchezo wa namna hiyo bila kufundishwa sana.

Wapinzani wetu walitoka Kimbo, upande wa Ruiru. Rubani wao alikuwa mzee wa kanisa, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliyestaafu kazi ya zimamoto katika uwanja wa ndege. Msoma ramani wake alikuwa mke wake, muuzaji wa mitumba, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe aliotumia kukatia kamba za marobota. Tulipendana sana na watu wale. Ungetusikia tukizungumza usingedhani hivyo.

Siku hiyo nilikuwa nimemleta dada yangu.

Watoto wake walikuwa wamechangishana wampeleke Hija, na kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa yeye mwenyewe. Jumatatu pasipoti zote zilitakiwa kwa kiongozi wa msafara. Yake ilikuwa ndani ya mkoba wake mweusi na hakutaka kuitoa. Kila aliyemuuliza alimjibu, "Tutaona."

Mimi alikuwa ameniambia ukweli, jioni moja tukipepeta mchele barazani kwake. Dada yangu alikuwa mwosha maiti. Kwa miaka mingi, mwanamke Mwislamu akifa Thika au Ruiru, yeye ndiye aliyeitwa. Alimwosha mama yetu. Aliwaosha wanawake waliokufa wakiwa na watoto kumi na wengine ambao hawakuwa na mtu wa kumwaga hata machozi. Aliwaosha wote kwa upole uleule, na sikuzote nguo zake zilinukia kidogo karafuu maiti. Hakuogopa kufa. Aliogopa ndege ianguke mahali asipojulikana, asipatikane mtu wa kumkusanya, wala wa kumwosha, wala wa kumvika sanda.

"Nimewaosha wengi," aliniambia. "Mimi nani ataniosha?"

Nilimjibu kwa elimu niliyopewa. Nilimweleza hukumu ya maiti asiyeweza kuoshwa, na daraja la anayefia njiani kwenda kwa Mola wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia, maalim." Tangu utotoni aliniita mdogo wangu. Aliponiita maalim nilijua maneno yangu yamepita juu ya kichwa chake yakaenda zake.

Kwa hiyo nikapanga kumleta chumbani pale. Nilitaka akae nyuma yetu, aone ndege ikipaa polepole, mabawa yametulia, mawingu yakipita, halafu ikitua Nanyuki salama. Nilitaka jicho lake lizoee. Sikufikiria kabisa kwamba kabla ya kila rali sisi wanne tulikuwa na mazungumzo yetu.

Wala sikufikiria kwamba stima itapotea mazungumzo yakiwa ndiyo kwanza yanaanza.

Mzee wa kanisa alianza akiwa bado kwenye ngazi. Tulimsikia kabla hatujamwona.

"Hodi hapa makaburini!"

"Karibuni, marehemu," mpwa wangu akaitikia. "Viti vyenu ni vile."

Nilimtazama dada. Alikuwa ameketi karibu na ukuta, mkoba magotini, mikono juu ya mkoba. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Leo tuna mgeni," nikasema haraka, nikisimama. "Huyu ni dada yangu, mama wa kijana wetu. Amekuja kutazama. Ana safari hivi karibuni."

Nilikazia neno safari, nikamkazia macho mzee. Hakulielewa jicho langu. Alivua kofia akamsalimu dada kwa mikono miwili.

"Habari yako, Mama? Kumbe wewe ndiye uliyemzaa huyu. Pole sana."

"Nimeshapoa," akasema dada.

Mkewe alimkumbatia, akavuta kiti karibu naye. Ndipo feni ikaanza kuzunguka polepole, polepole, ikasimama, na vile vioo viwili vikawa vyeusi.

"Haiya!" akasema mke wa mzee. "Imeenda."

"Itarudi," nikasema. Nilikwenda kubonyeza swichi ukutani, kana kwamba stima ilipotelea humo chumbani. Nikaenda dirishani nikafungua. Nikatazama saa. Alasiri haikuwa mbali.

"Maalim," mzee akaanza, akijinyoosha kitini. "Hebu nipe habari za shamba. Ile ndege mliyoipanda kwenye mananasi Jumamosi iliyopita imechipua?"

"Ile haikuanguka, mzee," akasema mpwa wangu. "Ilitua haraka."

"Kutua haraka!" mama wa mitumba akapiga makofi. "Pua imeenda Murang'a, mkia umebaki Gatundu, anasema ametua haraka!"

"Chukueni mandazi," nikasema. "Bado ni moto."

Wakachukua. Nilitumaini vinywa vikijaa vitanyamaza. Nikauliza habari za mvua Ruiru. Nikauliza kama kahawa imeanza kuiva.

"Kahawa ni nzuri," akasema mzee, akitafuna. "Ila wachumaji wanalalamika. Wanasema wakiinua macho wanaona ndege ya Thika inakuja, wanaangusha vikapu na kukimbia."

"Sasa wakimbilie wapi na Ruiru haipo?" mpwa wangu akauliza. "Tafuta kwenye mchezo wote. Waliotengeneza kompyuta walifika hapo wakaona hakuna kitu cha kuchora."

"Na Thika ipo?"

"Thika waliiacha kwa heshima."

"Waliiacha kwa sababu wewe ulishaibomoa!"

Nilicheka kidogo kwa adabu, nikaenda tena dirishani. Huko chini fundi alikuwa akigonga mabati. Nilimwomba Mwenyezi Mungu arudishe stima, kisha nikajiona mpumbavu kwa dua yenyewe, kisha nikaiomba tena. Nilikaa. Nikasimama kumimina chai ambayo hakuna aliyeitaka. Kila neno lililotoka katika vinywa vile nililisikia mara mbili, kwa sikio langu na kwa sikio la dada. Yeye alikuwa akimega andazi vipande vidogo bila kula, akivipanga kwenye sahani.

"Mjomba, mbona huketi?" mpwa wangu akaniuliza.

"Nanyoosha miguu."

"Anafanya mazoezi ya kuruka na mwavuli," akasema mzee. "Amemjua rubani wake."

"Wewe wacha kunisema mimi," akasema mpwa wangu. "Wewe uliingia mlimani! Mlima Kenya, mkubwa vile, mweupe kichwani, ukakosa kuuona?"

"Niliuona vizuri sana. Nilikuwa naomba usogee."

"Imani ikapungua," akasema mkewe. "Mimi nilikuwa na ramani mkononi, namwambia, Baba, panda, Baba, panda. Ananiambia, tulia mama, mlima utatupisha. Ngai! Nikasikia tu kioo kimesema, mmekufa."

"Na mlikufa kweli," akasema mpwa wangu.

"Tulikufa kabisa. Walituzoa na sepetu."

"Wakatutia kwenye debe moja," mzee akadakia, akijigonga paja. "Mpaka leo sijui mguu huu ni wangu au ni wa mama watoto."

Wote watatu walicheka mpaka kiti kimoja kikalia. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba na birika mkononi. Nilimwona dada akiiweka sahani chini, akifuta vidole kwa kitambaa. Nilijua anataka kuondoka. Nilianza kufikiri nimsindikize vipi hadi nyumbani, na Jumatatu niwaambie nini watoto wake.

"Baba," dada akamwita mzee.

"Naam, Mama."

"Kwa kweli. Si kwenye mchezo. Mkianguka, nani huwaokota?"

Kicheko kilikatika. Mama wa mitumba alimtazama mume wake, na nikaona kwamba yeye anajua jambo tusilolijua sisi. Kwa miaka yote niliyojuana na mzee yule alikuwa ametusimulia habari nyingi za kazi yake: moto wa nyasi, gari la maji lililokwama kwenye tope, fisi aliyelala katikati ya njia ya ndege. Ajali hakuwahi kutusimulia.

Alikuwa ameshika kofia mkononi. Aliiweka juu ya goti.

"Sisi, Mama," akasema. "Watu wa zimamoto. Sisi ndio tunaokota."

"Wewe umewahi?"

"Nimewahi."

Dada alingoja. Alikuwa na namna ya kungoja ambayo watu waliofiwa waliijua.

"Ilikuwa ndege ndogo," akasema mzee. Sauti ile kubwa ilikuwa imeshuka mpaka nikasogea nimsikie. "Rubani peke yake. Ilianguka nyuma ya ua, kwenye nyasi ndefu. Tulizima moto kwanza. Halafu mkubwa wetu akatupanga mstari, bega kwa bega, akasema mtu asiharakishe na mtu asikanyage kabla ya kutazama. Tukatembea hivyo. Tukifika mwisho wa nyasi tunageuka, tunarudi. Hakuna aliyezungumza."

"Mlipata yote?"

"Yote, Mama. Hata kiatu. Hata miwani. Mkubwa alikataa turudi kituoni mpaka ameridhika."

"Mkamweka wapi?"

"Kulikuwa na blanketi jipya ndani ya gari, halijafunguliwa. Tulifungua lile. Mkubwa alisema, si yale ya zamani." Aliigeuza kofia juu ya goti. "Hatukumjua. Hata dini yake hatukuijua. Kwa hivyo kila mmoja aliomba ya kwake. Tulikuwa na Mwislamu mmoja, naye akaomba ya kwake. Tukamfunika."

"Maji yalikuwapo?"

"Gari zima, Mama."

Dada aliinamisha kichwa. Alikuwa akifikiri kama fundi anayesikiliza kazi ya fundi mwingine, akiitafutia kasoro. Fundi wa mabati alikuwa ameacha kugonga, au pengine mimi sikumsikia tena.

"Mlimfanyia vizuri," akasema mwishowe.

"Tulijaribu."

"Hapana. Mlimfanyia vizuri."

Mkewe alinyoosha mkono akarekebisha kola ya shati la mumewe, ingawa haikuwa na kasoro. Mpwa wangu alikuwa akitazama viganja vyake. Mimi niliweka birika mezani, maana lilianza kunichoma.

Kisha dada akainua uso.

"Sasa nieleze," akasema. "Mtu aliyeokota wenzake kwa adabu namna hiyo, yeye mwenyewe anakwenda kugonga mlima?"

Mzee alimkazia macho. Kidevu chake kikaanza kutikisika.

"Na mke wake ndani!" dada akaendelea. "Mke anasema panda, panda. Kama ningekuwa mimi ningekushusha Nyeri, uende kwa miguu."

"Mwambie, Mama!" mama wa mitumba akalia. "Mwambie, mimi ameshanizoea!"

"Na wewe," dada akamgeukia mwanawe, "nimekulipia karo uje upande ndege kwenye mananasi ya watu?"

"Mama, ilitua haraka..."

"Nyamaza. Ungeanguka kwenye kahawa angalau tungekunywa."

Walicheka tena, na safari hii mzee alicheka mpaka akatoa leso akajifuta macho, akaendelea kujifuta hata kicheko kilipokwisha. Nilimkumbuka baba yetu. Yeye alitoka upande wa Tanganyika, akaja kufanya kazi kwenye mkonge, akamwoa mama yetu wa Kikuyu hapa hapa. Alitusimulia kwamba kwao watani huja mazishini, wakamcheka marehemu mbele ya wafiwa, wakalala pale mahali pa jeneza na kudai walipwe, na hakuna anayekasirika, kwa sababu hao hao ndio wanaochimba kaburi. Dada alikuwa mkubwa kuliko mimi. Aliyasikia hayo mara nyingi zaidi. Mimi ndiye niliyedhani kwamba utani unamtia hofu. Kumbe alikuwa akisikiliza tu apate mwenye jembe.

Stima ilirudi bila kishindo. Feni ikaguna, mashine zikatoa mlio wao, vioo vikaanza kung'aa. Mpwa wangu akaruka kwenye kiti chake. Mzee akajisukuma kwenye chake, mkewe akakunjua ramani.

"Haya, tangazeni," akasema mama wa mitumba. "Mtafika kona ya kwanza saa ngapi? Au tuandike tu: wakishaokotwa?"

Nilikwenda kuketi mahali pangu. Dada alikuwa amesimama pale, mkono juu ya mgongo wa kiti.

"Hiki ni kiti cha nani?"

"Changu, Dada. Mimi ndiye nasoma ramani."

"Leo hutasoma. Tangu tufike unakaa na kusimama kama kuku anayetafuta pa kutagia. Utamwangusha mtoto wangu."

Alikaa. Mkoba ulimsumbua magotini, akataka kuuweka chini, akatazama vumbi la sakafu, akaghairi. Akaufungua. Alitoa leso, chupa ndogo ya mafuta na tasbihi, akavirudisha kimoja kimoja. Kisha akatoa pasipoti, akaniwekea kiganjani bila kuniangalia.

"Jumatatu mpelekee yule kiongozi," akasema. "Na usiitie katika mfuko wa koti. Mfuko huo una tundu tangu mwezi wa Ramadhani."

"Sawa, Dada."

"Na umwambie nikae dirishani."

Nilisema alhamdulillahi, kwa sauti ya chini, maana ilikuwa baina yangu na Mwenye kuipokea. Mzee wa kanisa alisikia.

"Amina," akasema, macho yake kwenye kioo. "Mama, ukiuona mlima nipungie mkono."

"Nitakusogezea," akasema dada.

Walianza kukagua, kama tulivyofanya kila mara, rubani akiuliza na msoma ramani akijibu. Mafuta? Yapo. Dira? Ipo. Milango? Dada aligeuka akautazama mlango wa chumba kwa makini, akaridhika, akajibu, "Imefungwa." Hatukumsahihisha. Ndege ya Thika ikajikokota, ikatetemeka, ikaiacha ardhi.

Tulishindwa siku hiyo. Dada alishika saa na ramani vizuri kuliko nilivyotarajia, lakini walipofika katikati ya lile zulia la kijani alikumbuka kwamba alasiri inaingia, akaanza kumhimiza mwanawe akanyage mafuta. Walitua Nanyuki salama, mapema mno, wakakatwa alama hata hatukutaka kuzijumlisha. Watu wa Kimbo walishuka ngazi wakiimba.

Mimi nilishuka mbele yao, nikaelekea msikitini. Nilitembea barabara yote ya Kamenu na pasipoti ya dada mkononi, mbele ya kifua, kama mtu aliyebeba yai. Watu walinisalimu nikawaitikia kwa kichwa. Mlangoni pa msikiti nilisimama kwa muda nikiwaza niiweke wapi ninapotawadha, nikaona hapana mahali pazuri. Nilimwomba mzee mmoja anishikie, nikamwomba aishike kwa mikono yote miwili.